Vurugu za mapenzi chuoni zina hesabu yake

Mhariri,

Kila inapotajwa tamthilia ya runinga kuhusu wanafunzi wa chuo wanaopenda watu wa jinsia yao, malalamiko huja kwa njia mbili. Kuna wanaosema wahusika ni watu wa fujo: leo huyu yuko na yule, kesho yuko na rafiki ya yule, keshokutwa wote watatu wanalia kwenye ngazi za hosteli. Halafu kuna wanaoitakia tamthilia mema, nao hulalamikia jambo lilo hilo. Wangependa wahusika wasafishwe, wapendane kwa adabu, wasiwaharibie wenzao jina. Sisi ni wahariri wa miswada ya tamthilia hapa Nairobi, na hatukubaliani na upande wowote. Fujo ndiyo kazi yenyewe. Kinachoharibu ni fujo isiyo na chanzo, na chanzo hukaguliwa mezani kabla kamera haijawashwa.

Wahusika wakuu sita hutoa jozi 15. Saba hutoa 21, wanane 28. Waandishi chipukizi hupenda wanane. Sasa chukua msimu wa vipindi 8 vya nusu saa. Ukiondoa matangazo, kila kipindi kinabaki na dakika 22 hadi 24, na kwa kuwa ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa sawasawa huwa kama dakika moja ya picha, msimu mzima una kurasa 180 hivi. Zigawe kwa jozi 28: kila uhusiano unapata kurasa sita na kidogo, kuanzia kujuana hadi kutengana. Kwa jozi 15 unapata 12. Ni kweli onyesho moja laweza kubeba jozi tatu kwa pamoja, lakini bado katika kurasa sita mtu hawezi kupenda, kukosa, kuficha na kuumbuka. Atakachoweza ni kubadilisha wapenzi, na mtazamaji ataona hicho tu.

Kwa hiyo chora jedwali, majina sita juu na sita kando. Ndani ya kila kisanduku andika kitu kinachoshikika: deni, chumba, siri, kazi ya kikundi ambayo mmoja hakuifanya, shati lililoazimwa. Usiandike "wivu", maana wivu ni matokeo. Kisanduku kikibaki kitupu, ama wawili hao hawana haja ya kukutana, ama mmoja wao hana kazi katika hadithi. Jozi zilizowahi kuwa wapenzi zisizidi tano kati ya hizo 15. Zikifika nane, anayekosa wiki moja hawezi kurudi tena.

Kwa nini basi wahusika hawa wanazungukana wao kwa wao? Hili swali mswada lazima ulijibu kwa picha. Mwanafunzi anayependa jinsia tofauti akiachwa ana kampasi nzima ya kutazama. Mwenzake huyu ana kikundi kimoja cha WhatsApp cha watu ishirini, wengi wao amekwisha kuwajua, na pengine nyumba mbili za marafiki ambamo anaweza kukaa bila kujichunga. Mpenzi wa zamani hapotei. Ndiye mwenye nyumba ya sherehe ya Jumamosi, ndiye anayekopesha nauli, na ndiye rafiki wa karibu wa huyo mpya. Watu ni wachache, vyumba ni vichache, na siri ni nyingi. Mwonyeshe mhusika akipitia majina kwenye simu yake usiku, jina baada ya jina, na kila analolifikia lina historia. Sekunde ishirini zinatosha. Ukiiacha picha hiyo, mtazamaji atajitafutia sababu, na sababu iliyo karibu zaidi na ulimi ni "hao ndivyo walivyo".

Chumba cha hosteli ni injini ambayo waandishi wengi wanaipita bila kuiwasha. Katika hosteli nyingi za vyuo vyetu mgeni wa jinsia tofauti huondolewa usiku. Wasichana wawili au wavulana wawili hulala chumba kimoja na hakuna anayeuliza. Wahusika huuona urahisi huo kama bahati mwanzoni mwa semista. Wiki ya tano wanaachana. Ada ya chumba imeshalipwa, hairudishwi, na zimebaki wiki tisa au kumi. Wataamka, watavaa, watapika na kusomea mtihani wakiwa mita mbili mbali, huku mwenzao wa tatu chumbani hajui kama kulikuwa na kitu cha kuvunjika. Hapana mahali pa kulia. Huyo wa tatu atauliza kwa nia njema kabisa, "Mbona siku hizi hamli pamoja?" na swali hilo litafanya kazi ambayo ugomvi wa kurasa nne hauwezi.

Badala yake tunaletewa hivi: kipindi cha tatu wameachana, kipindi cha nne mmoja amehamia bedsita, chumba kimoja cha kupanga, mtaani Kahawa Wendani. Kwa pesa gani? Kodi ya mwezi wa kwanza na depositi hulipwa kwa pamoja, kabla ya kupewa ufunguo. Pesa za matumizi kutoka HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, huja kwa semista, na huchelewa. Tarehe ya kuingia kwa pesa hizo inastahili kuwa tukio la hadithi: nani amezipata, nani anadaiwa, nani anarudi kulala kwa mtu asiyempenda tena kwa sababu pale pana chakula. Mpe mhusika nyumba ambayo mfuko wake unaweza kuilipa, na utaona nusu ya vurugu zinajileta zenyewe.

Chora pia ramani ya chumba. Vitanda vya ghorofa viko wapi, nani analala juu, dirisha linatazama wapi, soketi ya umeme iko upande gani. Soketi ni moja au mbili na simu ni tatu, kwa hiyo simu ya mtu huchajiwa karibu na kitanda cha mtu mwingine. Ukilijua hilo hutahitaji fumanizi la simu iliyosahaulika kitandani ikiwa wazi, jambo ambalo halimtokei mtu mwenye kitu cha kuficha. Simu imefungwa, lakini kichwa cha ujumbe kinaonekana kwa sekunde chache kwenye kioo, na aliyelala karibu nayo siye aliyetumiwa.

Kifaa cha pili baada ya ramani ni daftari la siri. Weka siri kwa mistari na vipindi kwa safu. Katika kila kisanduku andika nani anajua, na alijuaje. Siri tatu zinatosha msimu mmoja. Hitilafu ya kawaida hutokea baadaye, wakati wa uhariri: onyesho la kipindi cha sita linasogezwa hadi cha tano ili kuongeza kasi, na sasa Nekesa (jina la mfano) anamkasirikia Atieno kwa jambo ambalo hajaambiwa. Mtazamaji huenda asitambue kosa liko wapi, ila ataacha kumwamini Nekesa. Kila onyesho linapohama, mstari wa siri yake usomwe upya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndani ya daftari hilo tenganisheni siri za aina mbili. Kuna siri ya fulani anampenda nani, na kuna siri ya fulani ni mtu wa namna gani. Ya kwanza ikitoka, urafiki unavunjika. Ya pili ikitoka, mtu anaweza kukosa karo, kukosa pa kwenda Desemba, au kukataliwa na ukoo wake. Miswada mingi huzichanganya: wawili wanagombania mpenzi, mmoja anakasirika, anampigia simu mamake mwenzake, na kipindi kinachofuata wanakumbatiana. Hapana. Aliyefanya hivyo amefanya kitendo kizito kuliko usaliti wowote wa kitandani, na daftari lazima liubebe uzito huo hadi kipindi cha mwisho kwa hasara inayohesabika: simu za nyumbani zimekoma, karo ya semista ijayo haikuja, dada mdogo amekatazwa kumjibu. Kama hadithi haina nafasi ya hasara hiyo, simu hiyo isipigwe.

Kuhusu ujumbe wa simu kwenye skrini, maneno 12 hadi 15 kwa mara moja, kwa sekunde nne hivi. Zaidi ya hapo mtazamaji anasoma na kuuacha uso wa mwigizaji, na uso ndio uliolipiwa. Mazungumzo marefu ya WhatsApp yageuzwe sauti, au yakatwe. Ujumbe wa M-Pesa una nguvu yake ya pekee ambayo hakuna tamthilia ya kigeni inayoweza kutuazima: unataja kiasi, na unataja jina la aliyetuma kama lilivyosajiliwa. Mtu aliyejulikana mtandaoni kwa jina la utani kwa miezi miwili anarudisha shilingi 300 za teksi, na jina lake halisi linatokea. Ni la kaka ya mtu tunayemjua. Hapo hakuna muziki unaohitajika.

Sasa tufike kwenye lugha, ambako tunaona hazina kubwa ikimwagwa kila mara. Kiswahili hakitaji jinsia ya mtu katika kitenzi wala katika kiwakilishi. "Alinipigia jana", "ananijali", "yeye hapendi kelele", "mpenzi wangu anasomea uhandisi": katika sentensi zote hizo hakuna anayejua kama ni mwanamume au mwanamke. Gĩkũyũ na Dholuo nazo ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba mhusika anaweza kumweleza mamake kuhusu mtu anayempenda kwa vipindi vitatu mfululizo, akamwaga moyo wake wote, asiseme uongo hata mara moja. Mama naye anauliza maswali ya mama: anatoka wapi, anaenda kanisa, anakula vizuri? Mtazamaji anajua, mama hajui, au labda mama anajua na ameamua kutouliza swali moja tu. Hatujui ni lugha ngapi zinazompa mwandishi onyesho kama hilo bure.

Hazina hiyo humwagika kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale mswada unapoandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za utayarishaji hapa mjini, kisha waigizaji wakaambiwa wauswahilishe papo hapo mbele ya kamera. Mwigizaji, kwa nia ya kusikika wa kawaida, anasema "dem wangu" (msichana) au "chali yangu" (mvulana), na siri ya msimu mzima imekwisha dakika ya nne. Mazungumzo ya nyumbani yaandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, na maneno yanayofichua jinsia yawekewe alama pembeni: dem, chali, mume, mke, na wifi pia, kwa kuwa wifi huunganisha wanawake. "Shemeji" ni salama, na ni zaidi ya salama. Siku binamu anayejua kila kitu anapomwita yule rafiki "shem" mezani mbele ya wazee, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, amembariki, na waliomo mezani wamesikia neno la kawaida tu.

Njia ya pili ni manukuu. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri achague jinsia katika kila sentensi ya namna hiyo, na mtazamaji anayesoma manukuu anaambiwa kile ambacho mama hajaambiwa. Programu za kutafsiri huelekea kuchagua mwanamume, hivyo siri haifichuki tu bali inafichuka kwa uongo. Dawa yake ni kazi ya mkono. Mfasiri apewe orodha ya sentensi zote zenye alama pamoja na nambari ya kipindi ambamo ukweli utatoka. Kabla ya kipindi hicho aepuke kiwakilishi: arudie jina kama jina lenyewe halifichui, ageuze sentensi iwe ya nafsi ya kwanza, "tuliongea jana" mahali pa "alinipigia jana", au aseme "mtu huyo". Manukuu ya kawaida ni mistari miwili isiyozidi herufi 40 hivi kila mmoja, na hayakai zaidi ya sekunde sita au saba, kwa hiyo njia ndefu hazitatoshea. Mwandishi na mfasiri wakae pamoja. Kwa kipindi cha dakika 24 chenye maongezi mengi, siku moja nzima itengwe kwa hilo.

Sheng' nayo isiwe moja kwa wote. Aliyelelewa Mombasa, aliyetoka Bungoma na aliyekulia mtaa wa Umoja hapa Nairobi hawaongei sawa, na katika mapenzi tofauti hiyo huuma: mmoja anatania, mwingine anasikia tusi.

Kuna mhusika mmoja ambaye karibu kila mswada humdhulumu, naye ni yule anayependa jinsia zote mbili. Yeye ndiye anayepewa usaliti, na hakuna anayejisumbua kueleza kwa nini amesaliti. Jaribio letu ni rahisi. Mbadilishe jinsia yule aliyesaliti naye, kisha soma onyesho tena. Kama sababu ya usaliti bado inasimama (upweke, deni, kulipiza, woga wa kuachwa kwanza), mswada ni mzima. Kama sababu imeyeyuka, haikuwapo. Mwandishi aliandika fununu aliyoisikia kuhusu watu fulani. Mpeni usaliti mhusika mwingine katika rasimu moja, hata kama mtamrudishia baadaye. Mtashangaa ni nani mwenye sababu nzito kuliko wote.

Watu hutuuliza mapenzi yataonyeshwaje kabla ya saa nne usiku. Kanuni za utangazaji zinataka vipindi kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae familia nzima, na waandishi hudhani busu likiondolewa hakuna kilichobaki. Kuna kusuka. Wasichana wawili katika chumba cha hosteli, mmoja ameketi sakafuni, mwingine kitandani nyuma yake, vidole kichwani mwake kwa saa nne au tano. Mlango uko wazi, watu wanaingia na kutoka, wanaomba chumvi, na hakuna anayeona kitu. Mtazamaji anaona mkono uliokaa shingoni sekunde mbili zaidi ya inavyohitajika. Si bure Kiswahili kuita mpangilio wa hadithi msuko.

Lakini onyesho hilo lina ugumu wake wa kiufundi, na wengi huuvumbua wakiwa wamechelewa. Nywele hazirudi nyuma. Maonyesho yote ya kusuka yapigwe kwa mfululizo wa hadithi, siku moja, kutoka kichwa kisichosukwa hadi kilichomalizika. Gawanya kichwa katika hatua nne, piga picha ya kila hatua kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili, na uandike nambari ya mstari wa mazungumzo uliosemwa katika hatua hiyo. Msusi halisi awepo ili amalizie mistari ya nywele kamera inaposimama, kwa kuwa mwigizaji akisuka kweli huku anaongea hupoteza ama mswada ama mstari wa nywele. Anza upande ulio mbali na kamera. Ukihitaji kurudia, upande wa kamera bado haujaguswa. Nywele za bandia ziwe za pakiti za rangi na nambari moja, na nunua mbili za ziada. Kwa wavulana, kunyoana kwa mashine kunatoa ukaribu wa aina hiyo, ila hapo kosa likitokea hakuna la kufumua, kwa hiyo onyesho lipigwe mara moja tu, kwa kamera mbili.

Kuhusu miisho, kuna desturi mbaya ambayo asili yake si ya hapa. Nchini Marekani kanuni za studio za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali 1934 na kuondolewa 1968, kwa muda mrefu ziliwakataza watengenezaji kuonyesha mapenzi ya namna hii. Yaliyopenya kwa mafumbo aghalabu yaliishia kwa kifo, wazimu au majuto. Kanuni ziliondoka, mazoea yakabaki, na bado tunapokea miswada ambayo mmoja wa wapenzi anagongwa na matatu kipindi cha nane. Ukimwuliza mwandishi kwa nini, atasema ni ili ipite. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini (KFCB) ilipiga marufuku filamu ya Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, na mwelekezi wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku 7, watu wazima wakaitazama hapa Nairobi, tikiti zikaisha. Kabla ya hapo, mwaka 2014, filamu ya Stories of Our Lives, yenye maudhui kama hayo, ilikuwa imenyimwa ruhusa. Mwandishi wa Nairobi anaanza kazi akijua hayo yote. Hata hivyo kifo cha ghafla hakimlindi, kwa sababu kinachokataliwa huwa ni maudhui ya hadithi nzima, na wakati huo huo kimeharibu vipindi saba vilivyotangulia. Afadhali mwisho wa kalenda: semista imeisha, magunia yamefungwa, kila mmoja anapanda gari la kwao, na wawili hawajui kama Januari wataomba chumba kimoja.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga picha, na ombi liambatane na maelezo kamili ya maonyesho pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Kisha kazi iliyokamilika iainishwe kabla ya kuonyeshwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha mazoea ya kubuni maneno mbele ya kamera: kilichosemwa kikitofautiana na kilichowasilishwa, umempa anayekupinga silaha isiyohusu maudhui hata kidogo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumiwa dhidi ya ngono ya watu wa jinsia moja na ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 24, 2019, vinahusu vitendo, si kusimulia hadithi. Watayarishaji wapate wakili awaeleze tofauti hiyo kabla ya kutia saini na kituo chochote, wasiiachie minong'ono ya ofisini.

Waigizaji walindwe. Kila mguso uandikwe na kukubaliwa siku kadhaa kabla: mkono wapi, kwa muda gani, nani anaanza, nani anaacha. Ufanyiwe mazoezi kama ngoma, hatua kwa hatua, na mwigizaji awe na haki ya kubadilisha nia asubuhi hiyo bila kukatwa malipo. Chumbani wabaki wanaohitajika tu, na skrini za nje zizimwe. Simu zote zikusanywe mlangoni, za mafundi na za wageni wa mtayarishaji pia, kwa kuwa hatari kubwa hapa ni kipande cha sekunde kumi kinachovuja bila muktadha na kumfikia mwenye nyumba ya mwigizaji au kanisa la wazazi wake. Anayetaka jina la kisanii katika orodha ya washiriki apewe, na lipewe tangu makaratasi ya kwanza, maana jina likishatumwa kituoni kwa barua pepe halirudi. Nyumba ya kupigia picha isiwe hosteli halisi yenye kibao chake, na mwenyewe asome muhtasari kabla ya kupokea malipo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kurasa zenu za burudani zinapotaja tamthilia ya aina hii, chapisheni kando ya jina daraja lake la uainishaji, kama ni GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18, na saa inayoonyeshwa. Sehemu kubwa ya hasira tunayoisoma hutoka kwa mzazi aliyekutana na kipindi cha watu wazima bila kutahadharishwa. Na mhakiki wenu akiandika kwamba wahusika wana vurugu, atuambie pia zimetoka wapi: ni chumba, ni pesa, ni siri, au mwandishi hakuweka kitu? Tutaikata makala hiyo na kuibandika ukutani mezani petu.

Wahariri wa miswada ya tamthilia,
Nairobi